TUVIANDIKIE VYOMBO VYETU MAELEZO YANAYOFAHAMIKA

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kahawa hutajwa kwa majina mawili. Ipo kahawa ya maganda, ambayo imekaushwa na ganda lake, na ipo kahawa safi, ambayo imekwisha kukobolewa. Bei ya moja si bei ya nyingine, wala kilo ya moja si sawa na kilo ya nyingine kwa thamani. Mtu akiuliza "kahawa bei gani?" akajibiwa kwa tarakimu moja tupu, hakujibiwa kitu. Karani wa chama cha msingi hapati tabu juu ya jambo hili, kwa sababu gunia liko mbele yake na mkono wake umekwisha kupita ndani ya gunia hilo. Sisi wa visiwani tunalielewa vizuri, maana hata kwetu hakuna bei ya karafuu tu. Ipo bei ya daraja la kwanza, la pili na la tatu, na yapo makonyo, ambayo yana bei yake mbali kabisa.

Tumeanza na kahawa na karafuu kwa sababu tunataka kusema juu ya mashine zisizotia mkono ndani ya gunia.

Wananchi wamekwisha kusikia mengi juu ya akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Mpaka juzi juzi mashine hizi zilikuwa zikijibu maswali tu. Sasa zimepanda daraja. Zinapewa kazi ya kutenda: kutafuta bei, kuandika taarifa, kupeleka malipo, kufungua faili na kulifunga. Mashine iliyopewa kazi ya namna hiyo huitwa wakala. (Huko Ngara ukitaja wakala watu watageuka kukitazama kibanda cha fedha za simu, na hapa kwetu pia, lakini neno ni zuri na tutalirejea.) Wakala huyu hana mikono. Kila analotaka kulitenda hulitenda kwa kupitia chombo alichopewa na wenye mfumo, na kila chombo huja na mambo matatu: jina lake, maelezo yake, na orodha ya taarifa ambazo chombo hicho huzitaka kabla ya kufanya kazi. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Kimarekani iitwayo Anthropic ilitoa kanuni ya wazi, Model Context Protocol, inayoonyesha jinsi vyombo hivyo vinavyoelezwa na kuunganishwa, na mwaka uliofuata kampuni nyingine kubwa, OpenAI na Google zikiwamo, ziliikubali.

Jambo ambalo wakuu wetu hawana budi kulishika ni hili: wakala hauoni undani wa chombo. Huona maelezo tu. Fundi akikuta nyundo na patasi mezani atavitambua kwa macho hata kama hakuna aliyemwambia lolote. Wakala wa akili unde huchagua chombo kwa kusoma sentensi mbili tatu zilizoandikwa na mtu fulani, aghalabu mtu wa mbali, aghalabu kwa haraka, siku ya mwisho ya mkataba. Kama sentensi hizo zimesema "hutoa bei ya kahawa", basi wakala atamletea mkulima wa Ngara bei ya kahawa safi ya mnadani, naye mkulima atafika kwenye chama chake na gunia la maganda akiamini ameibiwa.

Hilo la bei ni hasara ya fedha, na fedha hurudi. Liko zito zaidi.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dakta Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliutangazia umma kwamba mgonjwa mmoja wa virusi vya Marburg amethibitika katika Wilaya ya Biharamulo. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huo huo. Wagonjwa wawili walithibitishwa kwa maabara, wanane wakahesabiwa kuwa yumkini walikuwa nao, na wote kumi walifariki. Ilikuwa mara ya pili kwa Kagera. Mwaka 2023 ugonjwa huo huo uliingia Bukoba Vijijini, ukawapata watu tisa na kuwaua sita.

Kila mhudumu wa zahanati ajua ugumu wa maradhi haya. Siku zake za mwanzo yanafanana na malaria: homa kali, kichwa, maumivu ya mwili. Baadaye ndipo huja kutapika, kuharisha, na kwa baadhi ya wagonjwa kutokwa na damu. Ndiyo maana mfumo wetu wa ufuatiliaji wa magonjwa unayatenga maradhi katika mafungu. Yapo yanayotolewa taarifa mara moja, katika muda wa saa 24, na yapo yanayojumlishwa na kupelekwa kwa wiki. Na ndiyo maana kila ugonjwa una tafsiri sanifu, yaani maelezo mafupi yanayosema ni mtu wa namna gani ahesabiwe kuwa anashukiwa. Tafsiri hizo si mapambo ya kiofisi. Watu walizipima neno kwa neno, kwa kuwa zikilegea kidogo kila mwenye malaria atatangazwa kuwa na Marburg, na zikikazwa mno mwenye Marburg atalala wodini na wenzake.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kesho wakala wa akili unde atawekwa kumsaidia mhudumu wa Biharamulo kutuma taarifa hizi. Atapewa vyombo viwili. Tuseme mtengenezaji amekiita cha kwanza "taarifa_1", maelezo yake yakiwa "hutuma taarifa ya mgonjwa", na cha pili "taarifa_2", maelezo yake "hutuma taarifa za wagonjwa". Mhudumu anaandika kwamba amempokea mtu mwenye homa, na kwamba nduguye alikufa wiki iliyopita kwa maradhi yasiyofahamika. Wakala achague kipi? Hana la kumwongoza ila umoja na wingi wa neno mgonjwa. Akichagua cha pili, habari ya mgonjwa yule itakaa kwenye kapu la wiki pamoja na mafua na vidonda, na hakuna atakayekuwa amevunja sheria yoyote.

Sasa tazama maelezo ambayo mtu mwenye kuijua kazi angeyaandika: "Tumia chombo hiki mara moja, kabla ya saa 24 kupita, iwapo mgonjwa ana homa kali pamoja na kutokwa na damu kusikojulikana sababu, au ana homa na alimgusa mtu aliyeugua au kufariki kwa maradhi yasiyojulikana katika siku 21 zilizopita. Ukiwa na shaka, kitumie. Usikitumie kwa hesabu ya wiki ya malaria; hesabu hiyo ina chombo chake. Chombo hiki humpelekea taarifa Mganga Mkuu wa Wilaya. Hakimpimi mgonjwa wala hakithibitishi ugonjwa. Jibu la 'imepokelewa' maana yake taarifa imefika. Si maana yake kwamba timu imekwisha kutoka."

Maneno ya kitabibu hapo juu na wayasahihishe matabibu. Sisi tunaonyesha umbo tu. Maelezo hayo yamesema wakati wa kukitumia chombo, wakati wa kutokitumia, kwingine kwa kwenda, jambo ambalo chombo hakiliwezi, na maana ya jibu lake. Hayana tarakimu ya waraka wala "rejea kifungu kidogo cha tatu". Mtu aliyemaliza darasa la saba atayafahamu, na kwa uzoefu uliokwisha kupatikana duniani, maelezo ambayo mtu mgeni wa kazi huyafahamu ndiyo ambayo mashine nayo hukosea kwa uchache.

Watakuwapo watakaosema kwamba mashine hizi zina akili nyingi, zitajua zenyewe. Hoja hii hatuikubali. Akili haimpi mtu habari ambayo hakupewa. Mchukue profesa bingwa umkabidhi funguo mbili zinazofanana bila ya kumwambia ipi ya ghala na ipi ya silaha, hatabahatisha vizuri kuliko mtoto. Na mashine ina kasoro moja zaidi ya profesa: profesa huona haya akauliza, lakini mashine iliyotengenezwa ili ipendeze huendelea tu kwa kujiamini.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa nchi za nje hawataliona, na ni juu yetu kuliona. Lugha yetu ina maneno yanayobeba mzigo wa pande mbili. Chukua neno "toa". Kutoa mbolea ni kumpa mkulima mbolea. Kutoa pia ni kuondoa. "Toa jina" yaweza kuwa kulitaja jina, na yaweza kuwa kulifuta katika daftari. Chombo kiitwacho "toa_mkulima" ndani ya mfumo wa ruzuku ya mbolea ni balaa linalosubiri msimu. Kiitwe "mpe_mkulima_mbolea" au "futa_mkulima_daftarini", na mambo yamekwisha. Neno "pima" nalo ni hivyo hivyo: hupimwa shamba, hupimwa kahawa mzanini, hupimwa damu.

Au chukua saa. Mwananchi wa Biharamulo akisema kliniki inafunguliwa saa mbili, kila mtu anajua kuwa ni asubuhi, jua limekwisha kupanda. Mashine iliyofundishwa kwa vitabu vya Ulaya itaandika saa nane mchana, au saa nane usiku. Tarehe 3/4/2025 kwetu ni tarehe tatu Aprili. Kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Na sisi tuliosoma chuoni kabla ya kwenda skuli tunao mtihani wetu wenyewe: usiku wa Ijumaa, kwa hesabu ya wazee wetu, ni usiku unaofuata mchana wa Alkhamisi, kwa kuwa siku huanza kwa kuchwa jua. Chombo cha kupanga miadi ya hospitali kisipoeleza kinataka saa ya namna gani na siku ya namna gani, kitamwita mama mjamzito wa Micheweni siku ambayo daktari hayupo.

Hata majina ya wilaya yana mtego. Biharamulo ya leo si Biharamulo ya miaka ya 1990. Chato ilimegwa humo, na tangu 2012 Chato imo katika Mkoa wa Geita. Wakala atakayelinganisha mavuno ya Biharamulo ya zamani na ya sasa bila ya kuambiwa hilo atamripotia waziri kwamba kilimo kimeanguka, na huenda mtu akapoteza cheo kwa ajili ya mpaka uliochorwa upya. Nasi tunayo Wilaya ya Magharibi, ambayo siku hizi ni Magharibi A na Magharibi B.

Tulisema tutalirejea neno wakala. Neno hili limetujia kwa njia ya sheria, nalo lina elimu yake. Waliopitia vitabu vya fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafii wanakumbuka mlango wa wakala: jambo ambalo mtu anamwakilisha mwenziwe halina budi lijulikane kwa namna itakayoondoa udanganyifu, na wakala hana ruhusa ya kuvuka mpaka wa alichoagizwa. Ukimwambia mtu "niuzie mali yangu" bila ya kumweleza mali ipi, uwakala wenyewe una kasoro. Wanavyuoni waliyaandika hayo karne nyingi kabla ya umeme, kwa sababu walikuwa wamewaona mawakala wakiuza nyumba walipoagizwa kuuza mbuzi. Kwa hiyo maelezo ya chombo yaseme wazi kama chombo ni cha kuangalia tu au ni cha kubadili. Kusoma daftari la wakulima ni jambo moja. Kuliandika ni jambo la pili. Kupeleka fedha ni la tatu. Kile kisichoweza kurudishwa nyuma kiandikwe hivyo hivyo: "kitendo hiki hakirudi, muulize mtu kwanza". Tena haitoshi kuliandika tu. Mfumo wenyewe na ukatae mpaka mtu mwenye dhamana atie mkono.

Nani basi ayaandike maelezo haya? Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wataalamu, ambao huiona kazi hii kuwa ya mtunga programu. Mtunga programu anajua chombo kinafanya nini ndani ya mashine. Hajui kwamba maganda si safi. Anayejua ni karani. Kwa maradhi anayejua ni mganga na mhudumu wa zahanati. Kwa muhogo ni bwana shamba. Kwa mambo ya shehia ni sheha. Watu hawa wakalishwe pamoja na mtunga programu, siku mbili au tatu, chombo baada ya chombo.

Wala si jambo geni kwa sehemu zile. Kati ya 1968 na 1972, chini ya mradi ulioungwa mkono na UNESCO na UNDP, mikoa ya Kanda ya Ziwa, Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao tangu 1979 unaitwa Kagera, iliendesha kisomo chenye manufaa. Vitabu vya kusomea vilihusu kazi ya msomaji mwenyewe: mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba, na mkulima wa migomba kwa maneno ya migomba. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya "Mtu ni Afya", redio na vijitabu na vikundi vya kusikiliza nchi nzima. Taifa lililoweza kumweleza mzee asiyejua kusoma namna ya kuchimba choo, hatua kwa hatua, bila ya kumchanganya, lina ujuzi wa kuandika maelezo ya chombo. Tatizo ni kwamba ujuzi huo umekaa kwenye makabati ya elimu ya watu wazima, na mikataba ya kompyuta inasainiwa kwenye jengo jingine.

Mfano wa karibu zaidi ni programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti ya IITA na Shirika la Chakula na Kilimo. Ilifundishwa kwa picha za mihogo zilizopigwa humu humu Tanzania. Huliangalia jani, hata mahali pasipo na mtandao, na kusema kama ni batobato au michirizi kahawia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Nuru iliwashinda wakulima kwa mbali katika kutambua dalili, na ikawapita hata mabwana shamba. Ni sifa inayostahili. Lakini utafiti huo huo ulionyesha pia kwamba usahihi huongezeka yakitazamwa majani sita ya mmea badala ya moja. Hapo ndipo maelezo yanapokuwa na thamani ya chakula. Siku wakala atakapopewa chombo kama hiki, maelezo yasiposema "tazama majani sita", ataridhika na jani moja. Na yasiposema "hakioni mizizi", atamwambia mkulima wa Biharamulo kwamba shamba lake ni zima, ilhali michirizi kahawia huweza kuozesha muhogo chini ya udongo huku majani yakionekana hayana neno.

Kwetu visiwani msingi upo. Mpango wa Jamii ni Afya umewapa simu wahudumu wa kujitolea zaidi ya elfu mbili katika shehia zote za Unguja na Pemba, na simu hizo huwaongoza swali kwa swali wanapozitembelea kaya. Malipo ya Serikali hupitia ZanMalipo. Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar ipo, kama ilivyo ya Bara. Mifumo hiyo ilijengwa ikimfikiria binadamu aliye mbele ya kioo, mtu ambaye akitatizwa atampigia simu mwenzake. Siku itakapounganishwa na wakala wa akili unde, kila kitufe kitageuka kuwa chombo, na kila chombo kitadai maelezo. Tunazishauri Mamlaka zote mbili ziweke sharti katika mikataba tangu sasa: maelezo ya vyombo yaletwe kwa Kiswahili, yahakikiwe na BAKITA kwa Bara na BAKIZA kwa Zanzibar, yatiwe saini na ofisa wa idara inayohusika, na yatangazwe ili mwananchi ayasome. Kama mkandarasi atadai kwamba kuyatangaza ni siri ya biashara, atafutwe mkandarasi mwingine.

Tahadhari moja: urefu si uwazi. Tunawajua wenzetu maofisini. Wakiambiwa waeleze vizuri watajaza kurasa nne zenye dibaji na shukrani. Wakala mwenye vyombo mia, kila kimoja na kurasa nne, atababaika kama karani mpya aliyekabidhiwa nyaraka za miaka ishirini. Vyombo viwe vichache, kila kimoja kiwe na kazi yake, na viwili vikifanya jambo moja kimoja kiondolewe.

Na viwekwe katika majaribio kabla ya kutumika. Njia haina gharama. Wachukuliwe wahudumu kumi wa zahanati za Ngara na Biharamulo, wapewe karatasi yenye majina na maelezo ya vyombo bila ya jambo jingine, kisha wasomewe habari za wagonjwa thelathini na waseme kila mmoja angechukua chombo kipi. Wakala naye apewe habari hizo hizo. Popote wahudumu watakapogawanyika, maelezo yaandikwe upya. Kwa Pemba zoezi hilo lifanywe Wete na Mkoani kwa vyombo vya karafuu kabla ya msimu ujao kufunguliwa, na karani wa kituo cha kununulia karafuu awe ndiye mwenye neno la mwisho juu ya daraja.